Lafudhi Peke Yake Haichekeshi

Hapa Nyansiongo, popote penye televisheni, kuanzia hoteli za chai hadi vyumba vya walimu, utasikia kwamba vipindi vya Vioja Mahakamani na Inspekta Mwala ni lafudhi tu. Wanyang'anye lafudhi, wanasema, na hakuna kitakachobaki. Kauli hiyo si kweli, na inawadhulumu waigizaji waliotubebea ucheshi tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC mwaka 1989.

Nianze na marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, aliyetutoka Julai 2015. Alikuwa Mkikuyu. Mzee wa Kijaluo aliyemwigiza alikaa mwilini mwake kiasi kwamba hata leo wapo wanaoshangaa kuambiwa hivyo. Basi lafudhi ile aliitoa wapi, kama si kwa kusikiliza watu na kuifanyia kazi? Na hata hivyo, si lafudhi iliyotuvunja mbavu. Tulicheka kwa sababu mzee alishikilia ubwana wake wa nyumba ilhali Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alikuwa ameshamsoma tangu anaingia mlangoni.

Sasa mtazame Makokha, anayeigizwa na Matayo Keya, akiwa kizimbani katika Vioja. Anaulizwa swali dogo. Analiacha, anajibu lingine ambalo hakuna aliyemuuliza, na katikati ya maelezo anataja jambo ambalo mtu asiyekuwa mahali pa tukio hangelijua. Mwendesha mashtaka anatulia kidogo. Hakimu Lucy Wangui anamtazama. Makokha bado anaongea. Kicheko hicho kimeundwa na watu watatu, na kinategemea mno yule aliyejua kunyamaza. Yaandike mazungumzo hayo kwa Kiswahili cha vitabuni: mshtakiwa atakuwa bado amejifunga kwa ulimi wake mwenyewe.

Ufundi huu wa kuhoji una heshima kubwa kwingine. Wamarekani wanamsifu Peter Falk kama Columbo, mpelelezi anayeaga, anafika mlangoni, kisha anageuka na swali moja zaidi. Mtazamaji anamjua muuaji tangu mwanzo. Utamu wote ni kuona atanaswa vipi. Marehemu Charles Bukeko alitupa utamu huohuo katika Papa Shirandula: sisi tunajua kwamba mwanamume huyu anayetoka nyumbani na suti ni soja wa mlangoni, mkewe Wilbroda hajui. Davis Mwabili naye, akiwa Inspekta Mwala kwenye Citizen, ameigeuza kazi ya Columbo. Kwake anayehoji ndiye anayejianika, maana kila swali analolitoa kwa kishindo cha cheo linaonyesha anachokitaka yeye. Kumwambia mtu wa kazi kama hiyo kwamba anachekesha kwa matamshi ni kutomtazama kabisa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu linafika mbali kuliko televisheni. Sisi Abagusii tunatamka r mahali pa l, kwa kuwa Ekegusii haina l. Jirani zetu Wakipsigis, tunaokutana nao sokoni Chebilat, wana matamshi yao. Mtu wa hapa akisimama mbele ya afisa au hakimu wa kweli na watu wakaanza kutabasamu kabla hajamaliza jina lake, atasikilizwa saa ngapi? Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Anayeielewa lugha hiyo na kuitamka kwa sauti ya kwao naye anastahili kusikilizwa bila kuchekwa.

Shuleni ndiko mazoea haya yanakoota mizizi. Nimeona kwenye mazoezi ya drama mtoto akipewa sehemu ya soja kwa sababu ya r yake, na aliyelelewa mjini akipewa ya daktari, kabla yeyote kati yao hajapimwa kwa kuigiza. Walimu wa hapa kwetu Borabu, msimu ujao mpeni mtoto huyo kiti cha hakimu. Mwacheni na r yake. Mkazanieni alisikilize jibu la mshtakiwa hadi mwisho kabla hajafungua kinywa kwa swali la pili, kwa sababu hapo ndipo Keya na wenzake wametushika miaka yote hii.