Kwa Waziri wa Maji: mchanga wetu una maji, usiuache uende

Mheshimiwa Waziri wa Maji, Usafi wa Mazingira na Unyunyizaji,

Huku Ukambani mto kukauka si habari. Tiva, Tyaa na mito yetu mingine mingi hutiririka siku chache za mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Lakini pita mtoni mwezi wa Agosti uwaone akina mama wamepiga magoti kando ya shimo, wakichota kwa kikombe maji yanayojipenyeza taratibu mpaka mtungi wa lita 20 ujae, kisha mwingine, punda akingoja juani. Shimo hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilituhini mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa nchini, na Wakenya zaidi ya milioni 4 wakahitaji msaada wa chakula. Wanasayansi wa World Weather Attribution waliochunguza ukame ule walisema mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa kutokea kwake takribani mara 100, hasa kwa sababu ya joto linalonyonya unyevu wa udongo na mimea. Walisema pia kwamba masika yanazidi kuwa makavu huku vuli ikielekea kuongezeka. Hata wino haujakauka, vuli ya mwaka huohuo ikaja na El Niño ikasomba madaraja, na masika ya 2024 yakaleta mafuriko mengine.

Kwa hiyo mvua ipo, ila huja kwa kishindo na kufuatwa na jua kali. Silanga, yaani bwawa la udongo la kukusanyia maji ya mvua, ambalo ndilo jibu letu la miaka yote, liko wazi kwa jua hilo. Hukauka kabla kiangazi hakijafika katikati. Maji yaliyozama ndani ya mchanga jua haliyapati. Ukijenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, ukakatiza mto wa msimu, kila mafuriko hurundika mchanga nyuma yake, na robo au zaidi ya rundo lile huwa ni maji. Kitui, Machakos na Makueni zina mamia ya mabwawa ya mchanga ya namna hiyo, mengi yamejengwa kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, watu wakibeba mawe kwa mikono. Hatuhitaji semina ya kufundishwa.

Tunachohitaji ni kulindiwa mchanga wenyewe. Nairobi inajengwa kwa mchanga wa mito ya Ukambani. Malori yakishaukomba mpaka mwamba, mafuriko hupita moja kwa moja kama maji kwenye bati, na shimo la Agosti halipo tena. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Kitui ikapiga marufuku kuusafirisha nje ya kaunti mwaka 2018. Lakini lori likizuiwa huku huzunguka kule, na kijana anayepakia siwezi kumlaumu sana: ujira wenyewe ni mdogo, ila analipwa leo, nasi tunamwomba asubiri kiangazi kijacho.

Sipingi bwawa la Thwake na mita zake za ujazo milioni 688. Nasema tu kwamba bwawa moja, hata liwe kubwa vipi, haliwezi kumfikia kila mchungaji wa Kyuso na Mutomo, na Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya maji safi, hakikuwabagua.

Sheria ya Maji ya 2016 ilikupa Mamlaka ya Kitaifa ya Uvunaji na Uhifadhi wa Maji. Kwanza, iagize, pamoja na kaunti, iorodheshe sehemu za mito ambako watu huchota maji mchangani, na sehemu hizo zihesabiwe kuwa hifadhi ya maji, si machimbo. Ziorodheshwe pia sehemu za kuchukulia mchanga bila madhara, maana ujenzi hautasimama.

Pili, fedha. Kila ukame serikali hutukodishia malori ya maji, nasi hushukuru, kwa kuwa mwenye kiu hachagui. Sehemu ya fedha hizo itolewe mapema, kati ya Juni na Septemba, mito ikiwa mikavu na mwamba unafikika. Ikitolewa Novemba, maji yatakuwa yamekwisha kupita na fundi hana pa kusimama.

Mkazi wa Mwingi