Maziwa Hayaoshi Mapafu

Imani ya maziwa imeshika mizizi hapa kwetu Bondeni, hasa kwa vijana wanaopata kibarua cha kusaga na kuyeyusha plastiki: ukimaliza zamu, kunywa pakiti moja, kifua kitasafika. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Moshi wa plastiki huingia mapafuni, na baadhi ya kemikali zake huvuka hadi kwenye damu. Linaloniuma ni kwamba msimamizi anayegawa pakiti hizo huonekana mwema, ilhali feni ya kunyonya moshi pale kwenye mashine, ambayo ndiyo kinga hasa, haijafungwa.

Wengine huuliza: si plastiki hiihii ya ndoo na sahani, itadhuru vipi? Ndoo iliyopoa haina neno. Polithini ikipashwa moto kupita kiasi hutoa fomaldehaidi, kemikali inayosababisha saratani. PVC ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo hugeuka asidi. Barakoa ya kitambaa? Hupunguza vumbi, gesi hupita.

Eti pasipo harufu hapana hatari, na aliyefanya miaka mitano bila kuugua ameshazoea. Vinaili kloraidi, gesi inayotengenezewa PVC, hainusiki mpaka ipite mno kiwango cha hatari. Januari 1974 ilijulikana kwamba wafanyakazi 3 wa kiwanda cha B.F. Goodrich kilichotumia gesi hiyo mjini Louisville, Marekani, walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini iliyo adimu sana. Ugonjwa wa namna hiyo hujificha miaka mingi. Mwili haukuwa umezoea chochote.

Akina mama nao huambiwa hatari ni ya wanaume wa mashine. Utafiti uliotolewa 2012 kusini mwa Ontario, Kanada, ulikuta kwamba kwa wanawake waliofanya kazi katika plastiki za magari, uwezekano wa kupata saratani ya matiti kabla ya kukoma hedhi ulikuwa karibu mara 5 ya wengine.

Na wanaosema kibarua hana haki wanapotosha. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlazimu mwajiri kutoa vifaa vya kinga vinavyofaa, na sheria ya fidia ya mwaka huohuo inagusa pia maradhi yatokanayo na kazi. Ukienda hospitali na kikohozi kisichokwisha, mweleze daktari unayeyusha nini na tangu lini, aandike kwenye faili. Bila maandishi hayo, kudai fidia ni kazi ngumu.