Kama Wakubwa Wanaenda Zambia, Ekipe za Luano Zitapanda Wapi?



Tangu mwaka 2025, pale ambapo klabu kubwa za huku kwetu, TP Mazembe mbele, zilibisha hodi kwa shirikisho la mupira la Zambia, kila mtu mjini amekuwa na maoni. Kwenye kituo cha taxi-bus, chini ya mwembe, kwenye foleni ya maji, ni swali moja tu: wataenda ao hawataenda? Washabiki wa Mazembe na wa Lupopo, watu ambao hawakubaliani hata juu ya rangi ya mbingu, kwa mara moja wanasema sauti moja: "Twende, tumechoka."

Sisi tunauliza swali ambalo halijasemwa sana. Ekipe ndogo je? Zile za divizio za chini, zinazocheza kwenye kiwanja cha vumbi, jezi moja inafuliwa leo na kuvaliwa kesho? Ba presidenti wa ekipe hizo wameanza kuulizana kwa siri. Wamoja wanasema tubaki ndani ya Entente ya mji, EUFLU. Wengine wanasema tufuate wakubwa, tuombe nafasi ng'ambo ya Kasumbalesa. Na wengine, pengine ndio wengi, wanasema tuache yote hayo, tucheze michezo ya mitaa tu wakati wa vakansi, hakuna leseni, hakuna faini, hakuna karatasi.

Njo maana tunaandika. Neno hili linaamuliwa na watu wachache ndani ya nyumba ya mtu, na wachezaji watalisikia kama habari ya redio.

Tuseme kwanza ukweli: wakubwa wako na sababu. Kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa hewa, na barabara ya kupeleka ekipe na kuirudisha kabla ya juma kuisha haiko. Lazima ndege. Sisi wa Luano tunajua hayo kuliko wengine, maana uwanja wa ndege uko kwetu, ekipe tunaziona zikienda na zikirudi. Upande mwingine, Kasumbalesa iko karibu kilomita 90, na ukivuka unafika Chililabombwe, Chingola, Kitwe. Nkana na Power Dynamos ziko Kitwe, Zesco United iko Ndola. Ni busi moja. Na Wazambia si wageni kwetu: Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu walivaa jezi ya Mazembe, na watoto wa Kamalondo waliwaita kama kaka zao.

Ongeza na hali ya mupira wa inchi. Msimu wa 2019-2020 ulikatwa na Covid, hiyo tunaisamehe. Lakini mwaka 2023 FIFA ilibidi iweke komite yake ya kunyoosha FECOFA. Na msimu wa 2024-2025 michezo ya mwisho ya kutafuta bingwa iliisha kwa ubishi mwingi, Aigles du Congo ikatangazwa bingwa, na huku Katanga watu wengi walizima redio. Ekipe iliyochukua kombe la Afrika mara tano, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, ikichoka na mambo hayo, hatuwezi kuishangaa.

Lakini Mazembe ikichoka iko na mlango. Ekipe ya divizio ya tatu ya Luano ikichoka inaenda wapi?

Mupira wa inchi yetu ni ngazi. Chini kuna divizio za mji, juu yake michuano ya province, halafu Ligue 2 ya Linafoot, halafu Ligue 1. Ni ngazi mbovu, tunakubali, kuna mahali mbao zimetoka. Hata hivyo mtoto wa Luano anaweza kuionyesha kwa kidole: nikishinda hapa, nafika pale, na pale juu kuna Lupopo na Mazembe. Ukitoa wale wa juu, nani atakuja kutazama mechi za chini? Nani atauza tiketi? Mtu wa kutafuta wachezaji anapita kwenye kiwanja chetu kwa sababu kilomita chache kutoka hapa kuna ekipe inayoweza kumchukua mtoto. Hiyo njo faida yetu yote, hakuna nyingine.

Sasa tuingie ndani ya sheria kidogo. Vumilieni, tuko na lisansi na hatuna kazi, wakati wa kusoma tunao mwingi.

FIFA iko na kanuni juu ya wachezaji wanaohama. Kijana asiyefika miaka 18 haruhusiwi kuhama kutoka shirikisho la inchi moja kwenda la inchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa: wazazi wamehama kwa sababu isiyohusu mupira, ao anakaa pembeni kabisa ya mpaka, kilomita 50 tu, na klabu nayo iwe ndani ya kilomita 50 upande wake. Leo mtoto wa miaka 16 akitoka Luano kwenda kucheza Kamalondo, anahama mtaa tu. Lakini kama klabu ya Kamalondo imeandikishwa kwa shirikisho la Zambia, na mtoto ameandikishwa kwa FECOFA, atahesabiwa namna gani? Kwamba anahama inchi, naye anapanda taxi-bus moja tu? Swali hilo hatujasikia mtu yeyote akilijibu. Na linagusa watoto wetu zaidi kuliko linavyogusa nyota wa ekipe kubwa.

Kuna na neno la pesa. Mchezaji akiuzwa kutoka inchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zote zilizomlea toka miaka 12 mpaka 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15 klabu inapata robo ya asilimia moja, na kwa kila mwaka kati ya 16 na 23 inapata nusu ya asilimia moja. Fanya hesabu: kijana aliyecheza kwenu misimu mitatu, toka miaka 16 mpaka 18, akiuzwa dola 100,000, ekipe yenu inastahili dola 1,500. Kwa mtu wa mjini kati ni pesa ya simu. Kwa ekipe ya Luano ni mipira, jezi, na nauli ya msimu mzima. Lakini pesa hiyo inafuata karatasi. Mchezaji lazima awe aliandikishwa kwa shirikisho, na klabu yake iwe mwanachama. Ile michezo ya mitaa ya vakansi tunaipenda, inajaza kiwanja, watu wanapigana juu ya mbuzi wa kombe mpaka jioni, ni raha kweli. Ila haiachi karatasi hata moja. Ukilea mtoto miaka mitano humo, siku akienda Ulaya utapeleka nini kama ushahidi? Picha ya WhatsApp?

Wale wanaosema tuvuke pamoja na wakubwa, nao tunawaheshimu, lakini wapige hesabu. Kwa sheria ya FIFA, klabu haiingii shirikisho la inchi nyingine bila ruhusa ya mashirikisho yote mawili, ya CAF na ya FIFA yenyewe, tena kwa sababu isiyo ya kawaida. Jina kubwa linaweza kusukuma mlango wa namna hiyo. Jina letu linajulikana mpaka kituo cha mwisho cha taxi-bus. Na Zambia iko na ekipe zake ndogo, za Chililabombwe na Chingola, zinazongoja kupanda kama sisi. Kwa nini watupishe? Halafu mpaka wenyewe: mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa kwa siku chache juu ya ugomvi wa bia na vinywaji vya sukari vilivyokatazwa kuingia Congo. Ligi ya siku ya Jumapili inayoweza kusimamishwa na kasha za bia, mutupe jibu, mtu ataipanga namna gani?

Hatuko wa kwanza kukutana na haya. Al-Hilal na Al-Merrikh za Sudan, kwa sababu ya vita kwao, zilicheza msimu wa 2024-2025 ndani ya ligi ya Mauritania. Al-Hilal ilimaliza ya kwanza. Ubingwa ulipewa Nouadhibou, ekipe ya wenye inchi. Mgeni alikula, lakini hakurithi nyumba. Hao ni wakubwa wa Afrika, sembuse sisi.

Mfano ulio karibu na hali yetu, ijapokuwa ni mbali kwa ramani, ni wa Wales, inchi ndogo pembeni ya Uingereza. Mwaka 1992 shirikisho la kule lilianzisha ligi yake na kutaka klabu ndogo zilizokuwa zinacheza ndani ya divizio za Kiingereza zirudi. Nane zilikataa. Zilizoshikilia zilinyimwa kucheza nyumbani, zikaenda kuomba viwanja ng'ambo ya mpaka, mpaka zikashinda kwa korti mwaka 1995. Mojawapo ilikuwa Colwyn Bay. Na mwaka 2019 Colwyn Bay hiyohiyo ikaamua yenyewe kurudi kwenye ligi ya Wales, na mwaka 2023 ikapanda divizio ya juu. Newport nayo ilibaki upande wa Uingereza, ikafika ligi ya kulipwa mwaka 2013. Moja ilirudi, moja ilibaki, na zote mbili zilipanda. Tunachokishika hapo ni kwamba klabu ziliamua zenyewe, na ngazi ya upande uliochaguliwa ilikuwepo, inaonekana, imeandikwa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: msimu huu ekipe ndogo za Luano zibaki ndani ya Entente. Hatusemi hivyo kwa mapenzi. Tumeona wenyewe mechi ambayo mwamuzi hakuja, na mechi iliyohamishwa saa mbili kabla, wachezaji wameshakula nauli. Tunasema hivyo kwa sababu mahali pengine popote, kwa leo, wachezaji wetu watakuwa hawana karatasi.

Lakini kubaki kuna bei, na wanaosimamia mupira wa mji wanapaswa kuilipa. Kalenda itoke kwa maandishi kabla ya mechi ya kwanza. Pesa ya kuingia na pesa ya faini, kila franka, ibandikwe mahali watu wanaweza kusoma. Na kanuni ya kupanda na kushuka isibadilishwe msimu ukiwa katikati, hata kama ekipe ya mtu mkubwa njo inashuka.

Kwa klabu kubwa: mukienda, muende salama, tutawashangilia hata Kitwe. Ila kabla ya kuweka saini, mutuandikie kwamba ekipe zenu za vijana na za akiba zitabaki kucheza hapa, kwa divizio za mji, dhidi yetu. Bila hizo, kiwanja chetu kitabaki cha mbuzi.

Na kwa ba presidenti wa ekipe zetu, baba zetu na kaka zetu ambao wengine wanauza makala ili kununua mipira, tunajua jasho lenu. Musiweke saini peke yenu. Muite mukutano wa wazi kiwanjani, na kila ekipe ilete wachezaji wawili wenye haki ya kusema, mmoja wao awe chini ya miaka 18. Tuko tayari kuandika ripoti na kutafsiri kanuni za FIFA kutoka Kifaransa, bila malipo. Mutuambie siku tu. Saa tisa ya mchana ni nzuri, jua limepungua na watoto wametoka masomo.