Mechi Haichezwi na Timu Moja

Wasee, mimi niliacha chuo, lakini hii hesabu naielewa.

Muulize babu yako kuhusu Henry Rono. Mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State kule Marekani, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Sasa angalia hicho chuo. Ligi yao, Pac-12, ilikuwa na vyuo 12. Kufikia 2024 kumi vilikuwa vimehama kufuata pesa za televisheni kwingine. Vikabaki viwili: Washington State na Oregon State. Kosa lao? Kukaa miji midogo isiyo na watazamaji wengi.

Big Ten, iliyochukua vinne kati ya hivyo kumi, ilitia saini mkataba wa televisheni wa miaka saba mwaka wa 2022: zaidi ya dola bilioni 7.

Halafu mtu ananiambia, "Anayevuta watazamaji ndiye ale." Sawa, anacheza na nani? Na kivuli chake? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na pesa zikikauka, anayeumia si mchezaji wa futiboli. Ni mwanariadha. Mwaka wa 2025 Washington State ilifuta michezo ya kurusha na kuruka. Mbio ndefu, zinazowapeleka vijana wetu wa Bonde la Ufa huko, zimebaki. Mpaka lini?

Mgao sawa si sadaka. Ni haki ya mpinzani, maana bila yeye hakuna mechi ya kuuza. Mnaobisha, njooni hapo chini.