Maisha ya ng'ambo ya Songwe ni bei ya ndizi Kiwira

Katika soko la Kiwira upo ubishi usiokwisha kati ya wauza ndizi, madalali na madereva: nani anaishi vizuri zaidi, Mtanzania au Mmalawi? Siku hizi ubishi huo huishia kwa kicheko, kwa kuwa kwacha imedhoofika na jirani amezoea foleni ya petroli. Safu hii inaona kicheko hicho hakina faida. Mmalawi ni mteja wetu, na hali yake ya maisha ndiyo mfuko unaolipia ndizi za Rungwe.

Kwa takwimu za kipato hakuna ubishi. Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la kipato cha kati cha chini mwezi Julai 2020, wakati Malawi imebaki katika kundi la kipato cha chini. Pato la mtu mmoja kule ni kama nusu ya la hapa. Mwaka 2024 bei za bidhaa Malawi zilipanda kwa wastani wa zaidi ya asilimia 30. Hapa kwetu ilikuwa kama asilimia 3.

Lakini tazama umri wa kuishi. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, anayezaliwa Malawi hutarajiwa kuishi kama miaka 67, na anayezaliwa Tanzania vivyo hivyo. Nusu ya kipato, umri uleule! Sababu ni nyingi, ila mojawapo inamhusu kila mwenye genge: hospitali za serikali za Malawi hazimtozi mgonjwa, ilhali sisi tulianza kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993. Ni kweli kwamba dawa zikikosekana kule, na hukosekana, bure hiyo haisaidii kitu. Hata hivyo, mama wa Kiwira akilazwa mumewe, mtaji wa wiki nzima unaweza kuishia dirishani. Hilo halionekani katika pato la taifa.

Wenye umri wanakumbuka pia kwamba mambo yaliwahi kuwa kinyume. Baada ya vita vya Kagera vya 1978-79 maduka yetu yalikauka, na sabuni na sukari zilitafutwa ng'ambo, mpaka ikaja operesheni ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 na watu wakaogopa hata kutaja walichonacho uvunguni. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa kutoka kama 17 kwa dola hadi 40. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga wanasikilizana lugha na wana undugu. Hakuna upande uliozaliwa na akili zaidi. Kinachotofautisha ni fedha za kigeni.

Malawi haina bahari, na tegemeo lake kubwa la dola ni tumbaku. Mafuta na mbolea hununuliwa kwa dola hizo hizo. Zikipungua, petroli inakosekana, nauli inapanda, na mnunuzi wa Karonga aliyekuwa akichukua lori anachukua nusu lori. Mei 2022 kwacha ilishushwa kwa asilimia 25. Novemba 2023 ikashushwa tena, kutoka kama 1,180 kwa dola hadi 1,700. Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyekopesha ndizi za kwacha milioni moja kabla ya tangazo hilo: alikuwa anadai dola 847, na baadaye akawa anadai 588. Mkungu haukuoza, deni ndilo lililooza.

Zaidi ya hapo kuna bei mbili. Mwaka 2025 dola mtaani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi ya kama kwacha 1,750. Kima cha chini cha mshahara mwaka huo kilikuwa kwacha 126,000 kwa mwezi. Kwa bei rasmi ni dola 72. Kwa bei ya mtaani hazifiki 36. Anayepanga biashara ya kuvuka Kasumulu kwa kutumia bei ya benki anajidanganya juu ya uwezo wa mteja wake.

Ndiyo maana wiki zile za Machi na Aprili 2025 ziwe funzo. Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi, mahindi na ndizi kutoka nje, ikisema inawalinda wakulima wake. Aprili, Waziri wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, akajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi na Afrika Kusini, na siku chache baadaye zuio letu likaondolewa ili mazungumzo yafanyike. Wapo waliolishangilia zuio hilo. Kwa maoni yetu lilikuwa na uzito, kwa sababu mizigo ya Malawi hupita Dar es Salaam na jirani alilazimika kukaa mezani. Lakini mgomo wa aina hiyo ukidumu, anayeumia kwanza si Lilongwe, ni mwenye ndizi zilizokwisha kukatwa.

Mwekezaji mdogo wa hapa afanyeje? Auze kwa fedha taslimu, abadilishe kwacha siku ileile, na asikubali deni linalovuka mwezi hata kwa mteja wa miaka kumi. Mwenye shamba afikirie pia kuchanganya mazao. Parachichi za Rungwe hupata wanunuzi wa mbali wanaolipa kwa fedha za kigeni, na chai nayo ina mnada wake. Ndizi hazina safari hiyo. Zikikatwa Jumatatu, Ijumaa ziwe zimeliwa, na walaji wake wako Mbeya, Dar es Salaam na ng'ambo ya Songwe.