Mzunguko wa Mutrah na neno nililolikosa

Kwenye kipindi cha juzi nilitaja kwamba nimepanda mlima na Baba, na wengi mkaniuliza njia gani. Basi leo naeleza, na lile ambalo sikulisema hewani nalo nalisema.

Njia yenyewe inaitwa C38, inaunganisha Mutrah na Riyam kwa nyuma ya milima. Zamani, kabla ya barabara ya pwani, watu walipita humo kwa miguu. Ni kama kilomita 2 na nusu, saa moja na nusu mpaka mbili. Ukishuka Riyam unarudi Mutrah kwa Corniche, mzunguko umefunga. Alama ni mistari ya rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu kwenye mawe. Usipoiona kwa muda, rudi ulikotoka.

Wengi huanzia Riyam. Sie tulianzia Mutrah, Baba alitaka hivyo. Unaingia bondeni, unapita magofu, halafu kama mvua imenyesha karibuni unakuta vidimbwi na maji yanateremka jabalini. Madogo, lakini kwa Muscat ni neema.

Hapo ndo Baba alipoteleza. Ana miaka 70, goti moja bovu. Akabaki kashikilia jiwe, mguu mmoja hewani. Mie nikapiga kelele kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu. Anageuza kichwa tu, hajui nataka nini. Wallahi nilitafuta neno la Kiswahili na halikuja. Mie ninayewaambia kila wiki zungumzeni! Mwisho likatoka lile la mama, la utotoni: "Kaa kitako!" Akakaa. Akashuka kwa makalio, taratibu, kama mtoto kwenye ngazi.

Tulipokwisha kucheka akanambia, "Ungesema pana utelezi, ningefahamu." Utelezi. Nimelisikia maisha yangu yote nyumbani, sikuwahi kulihitaji. Na yale maji? "Maporomoko," akasema, "lakini na mie nimelijua kitabuni. Unguja maporomoko yako wapi?" Kweli, Unguja hakuna kilima kinachofika hata mita 150.

Juu kabisa upepo unapiga, bahari yote iko chini yako. Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema alipofika 1974, kijana wa miaka 20, walilala sita chumba kimoja Mutrah. Kila jioni aliitazama milima hii myeusi akaiona ukuta. "Nilikuwa nalia, mwanangu. Nikijiambia, nyuma ya huu hakuna kitu." Miaka yote hiyo kaishi chini yake, hajapata kuupanda.

Nikamwambia nilivyosoma, kwamba mawe haya yalikuwa chini ya sakafu ya bahari, yakasukumwa juu mamilioni ya miaka iliyopita. Akalipapasa moja. "Kumbe na huu umekuja, sio wa hapa." Tukashuka Riyam, kwenye lile chetezo kubwa jeupe, akasema bibi angeuliza udi wake unatoka duka gani.

Mkienda: nendeni baina ya Oktoba na Machi, asubuhi. Maji lita mbili kila mtu, na viatu vyenye meno, sio ndara. Mkiona mawingu mazito, hata kwa mbali, msiingie bondeni. Mvua ya mbali huteremsha mafuriko pale mlipo pakavu. Waliokuwepo Juni 2007, wakati wa Gonu, hawahitaji kuambiwa.

Na kazi ya wiki hii: muulize mzee wako kitu gani alikitazama kila siku alipofika huku. Muulize kwa Kiswahili, hata kikikatika katikati. Mtutumie sauti, tutazicheza kwenye kipindi kijacho inshallah.

Mie goti la Baba naliuguza. Kanambia likipoa tunarudi, safari hii kwa kuanzia Riyam.