Makumbusho Yasiyo na Maneno

Mgeni aingiaye Nyumba ya Mswahili mjini Lamu, jumba la karne ya 18 lililokarabatiwa likawa makumbusho, haangalii vitu kupitia kioo. Hupita dakani, akafika kiwandani, akavuka misana hadi ndani, penye safu za zidaka ukutani. Kila hatua ina jina lake, na majina hayo ndiyo yamfundishayo mpango wa faragha ya nyumba: nani aliishia dakani, nani aliruhusiwa kuvuka. Likiondolewa neno "daka", husalia kipenyo cha kupitia tu.

Kipimo hicho ndicho kinachofaa kutumiwa kwa Jomvu Kuu. Wajomvu ni mojawapo ya Tisa Taifa za Mombasa, na mji wao uko bara, kando ya mkono wa bahari wa Tudor. Hata hivyo, mtalii na mwanafunzi wote huelekezwa Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kana kwamba historia ya Mombasa iliishia kisiwani. (Ngome, hata ipendeze vipi, ni nyumba ya mizinga.)

Jomvu Kuu haihitaji jumba la mawe. Hazina yake imo majini. Mgeni apandishwe mtumbwi maji yajaapo, ashike pondo mwenyewe, aelezwe bamvua na maji mafu. Asiyejua huuita kila mti wa humo mkoko. Mjuzi hutenga mchu na msinzi, mkandaa ambao gome lake hutia rangi, na mlilana ufaao kwa mataruma ya chombo. Na maelezo hayo yatolewe kwa Kijomvu, na wazee wenyewe, si kwa vibao vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza.

Mkutano wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa yenyewe. Kimvita kilisalimika kwa ushairi wake na hati zake. Kijomvu, jirani yake wa karibu, aghalabu hutajwa katika orodha ya lahaja kisha kikapitwa.

Watasema fedha hazipo. Lakini kazi ya kwanza haitaki jengo. Idara ya Kiswahili yenye kinasa sauti, wanafunzi wawili na idhini ya wazee yaweza kuanza likizo ijayo kukusanya majina ya miti hiyo, ya viungo vya chombo na ya mitego ya samaki, kwa sauti za wenyewe, nakala moja ikibaki Jomvu.